Utambuzi wa Taa ya Redio Isiyo na Jina: Mfano wa Taa ya TM (1915)

Msomi wa miswada ya kale amezoea kupokea utenzi usiotaja mtungi wake wala mwaka ulionakiliwa. Hautupi kwa sababu hiyo. Hutazama karatasi na alama ya maji iliyomo, hutazama wino, mwandiko na lahaja, na mwishoni huthubutu kusema kwamba kazi hii ni ya Pate wala si ya Mombasa, ni ya karne ya kumi na nane wala si ya kumi na tisa. Jambo lisilozoeleka sana katika vitivo vya fasihi na historia ni kwamba vyombo vya ufundi navyo hudai usomaji wa namna hiyo hiyo, na kwamba navyo vina makosa yao ya unakili, wizi wao wa majina na watungi wao waliosahauliwa.

Mfano mzuri ni taa ya redio: chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye vyuma vichache ndani na miguu ya kupitishia umeme chini. Chombo hiki kilibeba kazi kubwa ya simu ya upepo, ya redio na ya vikuza sauti tangu miaka ya 1910 hadi transista, iliyobuniwa katika maabara ya Bell mwaka 1947, ilipoanza kukipokonya nafasi. Taa za namna hii zimebaki katika makabati ya idara za fizikia, katika maghala ya misheni na ya posta, na katika masanduku ya mafundi waliostaafu. Nyingi hazina jina tena. Wino wake ulifutika kwa vidole na kwa joto. Nyingine zilitoka kiwandani na herufi mbili tu, ambazo hazionekani sasa. Mwenye kuzirithi huwa na njia mbili za haraka, zote mbaya: kuzitupa, au kuzibandika jina linaloelekea kufaa. Njia ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwani taa iliyotupwa haimdanganyi mtu.

Makala haya yanatetea utaratibu mwingine: mwili usomwe kwanza, umeme upimwe baadaye, na jina litafutwe mwisho. Mfano mkuu ni taa ya TM ya jeshi la Ufaransa, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1915, kwa kuwa hapo ndipo inapoonekana wazi kwamba jina lililochapishwa juu ya kioo na kichwa kilichobuni umbo la ndani ni habari mbili tofauti.

Kwa nini taa

Katika miaka ya 1880 Thomas Edison, akichunguza taa zake za kuangazia nyumba, aliona mkondo wa umeme ukivuka ombwe kutoka kwenye uzi uliowaka hadi kwenye bamba la chuma lililowekwa kando. Hakuufanyia kazi kubwa. John Ambrose Fleming, aliyewahi kuwa mshauri wa kampuni ya Edison mjini London, aliukumbuka mwaka 1904, akautumia kutambua mawimbi ya redio. Mkondo huo hupita upande mmoja tu, kama maji katika kilango cha pampu. Ndiyo maana Waingereza wakakiita chombo hicho valve. Lee de Forest, Mmarekani, aliweka kati ya uzi na bamba chuma cha tatu, kilichokunjwa mfano wa wavu. Aliomba hataza ya ubunifu huo mwezi wa Januari 1907, akaipata Februari 1908, na chombo chake akakiita Audion.

Kazi ya wavu ni rahisi kueleza. Uzi ukipata moto hutoa elektroni, ambazo zina chaji hasi. Bamba lenye volti chanya huzivuta. Wavu uliokaa njiani ukipewa chaji hasi kidogo huzirudisha nyuma, ukipunguziwa, huziachia. Hivyo badiliko dogo kwenye wavu huzaa badiliko kubwa kwenye bamba, na sauti hafifu iliyotoka mbali hukuzwa hadi ikasikika. De Forest mwenyewe alidhani kwamba gesi kidogo iliyobaki ndani ya kioo ndiyo iliyofanya kazi. Harold Arnold na Irving Langmuir, kila mmoja katika kampuni yake, walionyesha mnamo 1912 na 1913 kwamba mambo yalikuwa kinyume: ombwe likikamilika, taa huwa imara zaidi.

Mfaransa alikiita chombo hiki lampe, Mmarekani tube, Mjerumani Röhre. Kongo, iliyosomeshwa kwa Kifaransa, ilirithi jina la taa, nalo ndilo jina linalomfaa zaidi mwanahistoria. Audion za kwanza zilitengenezwa New York katika karakana ya McCandless, ambayo kazi yake ya kawaida ilikuwa taa ndogo za motokaa. Kule Lyon kazi ilifanywa na kiwanda cha taa cha Grammont, na Uingereza ilifanywa na watu waliokuwa wakiuza taa za nyumbani. Kioo, mshikamano wa waya na kioo, pampu ya kutolea hewa, uzi wa tungsteni, hata mikono ya wanawake waliounganisha vipande hivyo, vyote vilikuwa mali ya ufundi wa taa. Kwa hiyo historia ya kuundwa kwa taa za kawaida ndiyo kalenda ya kwanza ya kumsaidia mwenye kushika taa ya redio isiyo na jina.

Kuusoma mwili

Huanzwa na utosi wa kioo. Hewa ilipokwisha kutolewa, mrija wa pampu uliyeyushwa na kukatwa, ukaacha kincha cha kioo. Katika taa za miaka ya 1910 na ya mwanzo wa 1920, kincha hicho kimekaa juu, mahali pa kuonekana. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 viwanda vikubwa vilihamishia mrija chini, na kincha kikafichwa ndani ya kitako. Mwanafunzi akijua haya tu atasema kwamba kincha cha juu ni dalili ya uzee, naye atakuwa amekosea vibaya. Taa ndogo za kioo kitupu, zenye miguu saba myembamba, zilizoenea tangu mnamo 1940, nazo zina kincha utosini. Dalili moja haitoshi kamwe. Kincha husomwa pamoja na kitako.

Kitako kina mengi ya kusema. Audion za mwanzo zilikuwa na kitako cha skurubu kama taa ya kawaida, kwa ajili ya uzi tu, na waya za wavu na bamba zilichomoza upande wa pili wa kioo. Baadaye yakaja mavazi ya shaba na kauri, kisha bakeliti, plastiki ngumu ambayo Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent nchini Ubelgiji, aliiombea hataza mwaka 1907. Kitako cha miguu minane chenye ufunguo wa plastiki katikati hakiwezi kuwa cha kabla ya 1935. Taa ya kioo yenye nundu ndogo ubavuni mwake, ambayo kampuni ya Philips iliiita Rimlock, ni ya miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Habari kama hizi huweka mpaka wa nyuma, yaani mwaka ambao kabla yake chombo hakingeweza kuwapo. Mpaka wa mbele ni mgumu zaidi, maana viwanda viliendelea kuunda taa za mtindo wa zamani kwa muda mrefu ili wenye redio za zamani wapate za kubadilisha.

Ndani ya shina la kioo, pale waya zinapopenya, rangi ya chuma ni ya kutazamwa kwa makini. Mwanzoni ilitumika platini, kwa kuwa hutanuka kwa joto sawa na kioo, na platini ilikuwa ghali. Karibu na 1912 Colin Fink wa kampuni ya General Electric alileta waya wenye moyo wa nikeli na chuma, uliovikwa shaba. Ndani ya kioo waya huu huonekana mwekundu. Wekundu huo peke yake unatosha kukanusha madai ya muuzaji anayesema kwamba taa yake ni ya 1907.

Lipo pia doa la fedha kwenye ukuta wa kioo. Ili kumaliza masalio ya gesi, mafundi walichoma ndani ya taa kipande cha madini kinachonyonya gesi. Magnesi, iliyopendwa katika miaka ya 1920, iliweza kuvika kioo karibu chote vazi la kioo cha kujitazamia, hata vyuma vya ndani visionekane. Bari, iliyofuata, huacha doa la eneo dogo. Doa la bari likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Taa hiyo imekufa, lakini kwa mwanahistoria haijapoteza thamani yake.

Maandishi yaliyofutika nayo yasikatiwe tamaa mapema. Kioo kikipozwa kisha kikapuliziwa pumzi, unyevu hushika tofauti pale wino ulipokuwa, na herufi huweza kutokea kwa nukta chache chini ya mwanga wa kupindika. Jambo la kuepukwa ni kusugua. Mengi yamepotea kwa kitambaa safi na nia njema.

Lyon, 1914 na 1915

Ichukuliwe sasa taa moja: kioo cha mviringo, kincha utosini, kitako chenye miguu minne, hakuna herufi hata moja. Ndani yake bamba halikusimama, bali limelala: ni mcheduara mdogo wa chuma, wenye kipenyo cha karibu milimita 10 na urefu wa karibu milimita 15. Katikati ya mcheduara umepita uzi mmoja ulionyooka, na uzi umezungukwa na wavu uliosokotwa kama chemchemi. Kwa mwenye kujua, umbo hili ni sahihi ya mkono. Asili yake ni Lyon.

Vita vilipozuka Agosti 1914, simu ya upepo ya jeshi la Ufaransa iliongozwa na Gustave Ferrié, ambaye kwa miaka kumi alikuwa ameutumia Mnara wa Eiffel kama mlingoti wa antena. Wakati huo huo Mfaransa aitwaye Paul Pichon alikuwa safarini kutoka Marekani. Mtu huyu alikuwa mtoro wa jeshi la Ufaransa aliyekimbilia Ujerumani na kuajiriwa na kampuni ya Telefunken, ambayo ilikuwa imemtuma kuangalia ufundi mpya wa Wamarekani. Katika mizigo yake zilikuwamo Audion. Alichagua kurudi kwao, akakamatwa kwa utoro wake wa zamani, na taa alizobeba zikafika mikononi mwa Ferrié. Historia ya ufundi haina mifano mingi ya mtoro aliyelipa deni lake kwa namna hiyo.

Audion hizo zilifanya kazi, lakini hazikutegemewa. Hakuna mbili zilizofanana. Ferrié alihamishia kazi Lyon, mbali na Paris iliyotishiwa na majeshi ya Ujerumani, pale kilipojengwa kituo kipya cha La Doua na pale kilipokuwapo kiwanda cha Grammont. Henri Abraham, mwanafizikia, alipewa jukumu la kuunda taa ambayo kiwanda kingeweza kuirudia bila kuikosea. Baada ya kuinakili Audion aliachana nayo, akaunda taa yenye bamba la mcheduara lililosimama wima. Ombwe lake lilikuwa zuri na hesabu zake zilikuwa safi, ila umbo hilo halikuvumilia misukosuko ya mikokoteni na mahandaki.

Péri na Biguet ndio walioulaza mcheduara. Uzi, wavu na bamba vilishikwa kwa nguzo fupi, uzi ukavutwa kutoka ncha zote mbili, na kazi ya kuunganisha ikawa nyepesi kwa mfanyakazi aliyefundishwa kwa muda mfupi. Hataza iliombwa Oktoba 1915 kwa majina yao wawili. Uundaji ulianza mwezi uliofuata, na inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa vita Ufaransa ilitoa taa zisizopungua milioni 1.1. Ziliitwa TM, vifupisho vya maneno ya Kifaransa yenye maana ya simu ya jeshi. Grammont iliziuza kwa jina la Fotos, na mshirika wake, Compagnie Générale des Lampes, kwa jina la Métal.

Hapo pana ubishi ambao haujawa mdogo. Sifa za hadharani zilimwendea zaidi Ferrié na Abraham, hataza ikawa ya Péri na Biguet, na suala la nani aliyeibuni taa hiyo likazua mashauri. Kwa msomaji wa vitabu ni suala la kulinganisha barua na hati. Kwa mwenye kushika taa zenyewe ni tofauti inayoonekana kwa jicho: mcheduara uliosimama ni hatua ya Abraham, uliolala ni hatua ya Péri na Biguet. Hivyo taa ya wima isiyo na jina, ikibandikwa kikaratasi cha TM kwa sababu tu ilipatikana katika sanduku moja na TM, inafuta bila kelele miezi kadhaa ya kazi ya Abraham. Naye hakubahatika kuitetea kazi yake uzeeni. Yeye na mwenzake Eugène Bloch, ambao mwaka 1919 walichapisha maelezo ya saketi ya taa mbili zinazopokezana, iliyo babu wa saketi nyingi za kuhesabu, wote wawili walipelekwa Auschwitz na utawala wa Wanazi na kufia huko, Abraham mwaka 1943 na Bloch mwaka 1944. Ushahidi uliobaki ni karatasi, na vioo.

Umbo la Lyon halikubaki Lyon. Waingereza walilinakili tangu 1916 na kuliita R, na kazi hiyo ikagawanywa kwa viwanda kadhaa vya taa. Waholanzi na Warusi walikuwa na nakala zao. Miguu minne ilienea pamoja nalo: mmoja, wa bamba, umewekwa mbali kidogo na wenzake, ili taa isiweze kuchomekwa vibaya hata gizani ndani ya handaki. Kitako hicho kiliishi Ulaya muda mrefu kuliko taa iliyokizaa. Kwa hiyo mcheduara uliolala unathibitisha ukoo, hauthibitishi kiwanda. Anayetaka kutenganisha TM na R hana budi kuiweka taa yake kando ya nyingine zenye asili iliyothibitika, akilinganisha idadi ya nguzo, namna zilivyochomelewa, mkunjo wa shina la kioo, na jinsi kitako kilivyofungwa. Bila taa za kulinganisha, heri kunyamaza.

Kinachorahisisha kazi ni kwamba majirani wa ukoo huo hawafanani nao hata kidogo. V24, iliyobuniwa na Henry Round wa kampuni ya Marconi wakati wa vita hivyo hivyo, ni mrija mwembamba wa kioo wenye vifuniko vya chuma kwenye ncha zake na vingine viwili ubavuni. Mtu asiyeijua angeidhani fyuzi. VT-1 ya jeshi la Marekani, iliyoundwa na Western Electric tangu 1917, ina mabamba bapa, na uzi wake ulipakwa oksidi. Uzi wa TM unawaka mweupe kama taa ya chumbani, na kwa mwanga wake askari angeweza kusoma barua; wa VT-1 unang'aa wekundu hafifu tu. Watu wa jeshi moja la muungano, wakisikiliza adui mmoja, waliketi mbele ya vyombo vyenye falsafa mbili za joto.

Umeme upimwe kwa hofu

Ni vigumu kwa mwenye udadisi kuacha taa bila kuiwasha, na hapo ndipo ushahidi mwingi uliponusurika miaka themanini ulipoangamia kwa nukta moja. Uzi wa TM ulikusudiwa kupata volti 4, yaani betri mbili za risasi zilizounganishwa, na ulikula takriban ampea 0.7. Hata ukitendewa hivyo kwa uangalifu haukuzidi sana saa 100 za maisha. Taa iliyookotwa leo haijulikani imekwisha kutumia saa ngapi.

Kipimo cha kwanza kiwe cha ukinzani, uzi ukiwa baridi. Hesabu ya TM iliyowaka ni 4 kugawanya kwa 0.7, karibu omu 5.7. Lakini tungsteni baridi ina ukinzani mdogo mno kuliko tungsteni inayong'aa kwa joto la nyuzi zaidi ya 2000. Katika uzi mweupe kama huu ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kipimo kitasoma nusu ya omu au pungufu, na asiyejua kanuni hii atadhani kwamba uzi umegusana na wavu. Kipimo chenyewe nacho si kitu cha kuaminiwa. Baadhi ya vipimo vya zamani vya mshale hupitisha katika ngazi yake ya chini mkondo wa miliampea mia au zaidi. TM haitajali. Taa za redio za betri za miaka ya 1940 na 1950, ambazo uzi wake unahitaji miliampea 50 au hata 25, zitaungua kabla mshale haujatulia. Mtu akishika taa asiyoijua, hajui pia kama ni ya kundi la kwanza au la pili. Kwa hiyo mwili lazima uwe umekwisha kusomwa.

Mwili ukiruhusu, volti huongezwa polepole kutoka sifuri, chumba kikiwa na giza. Rangi ya mwanga huonyesha uzi ni wa aina gani. Tungsteni tupu haifanyi kazi mpaka iwe nyeupe. Tungsteni iliyochanganywa na thori kidogo hufanya kazi kwa umanjano. Mchanganyiko huo ndio uliowezesha taa ya Marekani 201A, mwaka 1923, kutumia robo ya ampea pale mtangulizi wake, UV-201, alipohitaji ampea nzima. Uzi wa oksidi hutosheka na wekundu. Mtu akiona mwanga mwekundu akaendelea kuongeza volti akiungojea weupe, anauchoma uzi wa oksidi huku akidhani kwamba anaupima.

Majina na mahali

Tangu 1934 viwanda vya Ulaya vilivyoambatana na Philips na Telefunken viliandika taa zao kwa utaratibu wa herufi: ya kwanza kwa umeme wa uzi, A kwa volti 4, E kwa volti 6.3, na zinazofuata kwa kazi ya taa. Wamarekani nao walikuwa wameanza mwaka uliotangulia kuweka volti mbele ya jina. Maandishi hayo yakifutika, miguu huweza kueleza: katika kitako cha miguu minane umeme wa uzi mara nyingi huingia kwa mguu wa 2 na wa 7, na katika taa ndogo za miguu tisa kwa 4 na 5. Mengine hupatikana katika vitabu vya taa, ambavyo maktaba nyingi za ufundi zilivitupa mapema mno.

Jina lililosalia nalo si hakimu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda viliuziana taa kwa maelfu, kila kimoja kikipiga chapa yake juu ya kazi ya mwenzake, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliosha taa zilizokwisha kutumika wakazichapisha upya. Taa za ukoo wa Philips zina kinga: msimbo mdogo chini ya kioo, ambamo alama moja hutaja kiwanda, pembetatu kwa Heerlen ya Uholanzi, B kwa Blackburn ya Uingereza. Inatokea basi kwamba chapa kubwa ubavuni inasema jambo moja, na msimbo mdogo chini unasema jingine. Msimbo ndio wa kuaminiwa.

Mahali pa kupatikana ni shahidi anayependwa kupita kiasi, na Kongo inatoa mfano. Kuanzia 1911 Robert Goldschmidt, akiungwa mkono na Mfalme Albert wa Kwanza, alisimamia ujenzi wa mnyororo wa vituo vya simu ya upepo kutoka Banana pwani hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Kituo cha Laeken, karibu na Brussels, kilichojaribu kuzungumza na Boma moja kwa moja, kiliharibiwa na Wabelgiji wenyewe Agosti 1914 kisiangukie mikononi mwa Wajerumani. Ni rahisi kwa mtu anayeokota taa ya kale katika jengo la kituo kama hicho kuihesabu kuwa ya waasisi. Haiwezekani. Vituo hivyo vilitangaza kwa cheche za umeme, na vilijengwa kabla taa ya wavu haijawa chombo cha kazi katika himaya ya Ubelgiji. Taa yenye mcheduara uliolala, hata ikitoka chini ya sakafu ya kituo cha 1913, iliingia humo baada ya 1915, na yumkini baada ya 1918, wakati taa za jeshi zilizobaki zilipomwagwa sokoni na wapenzi wa redio wa Ulaya wakazinunua kwa bei ya chini. Jengo lina tarehe yake na taa ina yake.

Ikirudiwa ile taa ya kioo cha mviringo isiyo na herufi, kadi yake ya makumbusho itaandikwa hivi: taa ya redio ya vyuma vitatu, ya ukoo wa TM, muundo wa Péri na Biguet, si ya kabla ya mwisho wa 1915, uzi wa tungsteni, volti 4, haujawashwa, kiwanda hakijathibitishwa. Nafasi ya jina iachwe wazi, kwa penseli.